Kwa nini tovuti hukwama siku ya msongamano: Siri ya seva za majina

SIKU matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, maelfu ya watu hufungua simu na tarakilishi kwa wakati mmoja kutafuta tovuti ya Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC). Asumbi, kituo kidogo kilicho karibu na mpaka wa kaunti za Homa Bay na Migori na kinachofahamika kwa chuo chake cha walimu na shule yake ya wasichana, hakiachwi nyuma katika pilkapilka hizo. Mzazi huandika jina la tovuti, kiduara kikazunguka kwenye kioo cha simu, kisha ukaja ujumbe kwamba ukurasa haupatikani. Lawama huelekezwa kwa KNEC au kwa kampuni ya simu.

Pengine lawama hizo huwa za haki. Lakini kuna nyakati ambapo tovuti yenyewe i hai, nyaya ni nzima na mnara wa simu unafanya kazi. Kilicholemewa huwa ni chombo kilicho katikati, ambacho watumiaji wengi hawajapata hata kukisikia: seva ya majina.

Tarakilishi hazitambuani kwa majina bali kwa nambari. Jina kama knec.ac.ke lipo kwa ajili ya binadamu, ambaye ni hodari wa kukumbuka maneno na dhaifu wa kukariri tarakimu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, majina yote ya mtandao na nambari zake yaliwekwa kwenye faili moja iliyotunzwa katika taasisi moja nchini Marekani, na kila aliyetaka kwenda na wakati aliinakili upya. Mtandao ulipokua, faili hiyo ilishindwa kuhimili. Mnamo 1983 mtaalamu Paul Mockapetris alichapisha mpango wa kuigawa kazi hiyo kwa seva nyingi zinazosaidiana. Mpango huo ndio unaoitwa DNS, na ndio unaotumika hadi leo.

Kazi yenyewe huenda kwa hatua. Simu iliyo Asumbi huuliza seva ya kampuni inayoipatia intaneti. Seva hiyo, ambayo hapa tutaiita seva pekuzi kwa kuwa kazi yake ni kupekua, ikiwa haina jibu huuliza seva za mzizi: nani anayetunza majina ya .ke? Ikishaelekezwa, huuliza seva za .ke ni nani anayetunza sehemu ya ac.ke, na vivyo hivyo mpaka ifike kwa seva ya mwenye jina, ambayo hutoa nambari inayotakiwa. Seva pekuzi humrudishia mteja jibu, kisha hujiwekea nakala katika hifadhi ya muda iitwayo kache, ili atakayeuliza baadaye asisubiri.

KINACHOLEMEA NI KUSUBIRI

Watu wengi hudhani kwamba seva iliyozidiwa ni seva iliyochoka kufikiri, na kwamba dawa yake ni kununua mtambo mkubwa zaidi. Kwa seva za majina dhana hiyo aghalabu ni potofu. Swali moja la DNS ni pakiti ndogo mno. Katika kanuni za awali jibu lililosafirishwa kwa njia ya kawaida halikuruhusiwa kuzidi baiti 512. Tarakilishi ya kawaida ya ofisini inaweza kujibu maelfu ya maswali kwa sekunde, mradi majibu yamo kwenye kache.

Tatizo ni yale yasiyomo. Chukulia seva pekuzi inayopokea maswali 10,000 kwa sekunde, na ambayo hupata majibu ya asilimia 98 ya maswali hayo kwenye kache. Yanabaki 200 kila sekunde yanayohitaji safari. Ikiwa safari moja huchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde, basi wakati wowote ule kuna maswali kama 20 tu yanayosubiri. Hiyo si kazi kwa mtambo wowote.

Sasa njia ya kuelekea ng'ambo iharibike, na kila swali lingoje sekunde 10 kabla ya kukata tamaa. Maswali 200 mara sekunde 10 ni 2,000 yaliyo kwenye foleni. Programu ya BIND, ambayo ni kongwe na maarufu katika kazi hii, kwa mpangilio wake wa awali huruhusu wateja 1,000 tu wanaosubiri upekuzi. Na sekunde 10 ndio muda ambao kwa kawaida hulivumilia swali moja. Kikomo kikifikiwa, maswali huanza kuachwa. Wateja ambao majibu yao yamo kwenye kache huendelea kuhudumiwa, lakini wanaotafuta kitu kipya hufungiwa mlango, hata kama wanachokitafuta kiko Nairobi na hakina uhusiano wowote na njia iliyoharibika.

Kisha hufuata balaa la pili. Simu au tarakilishi isiyopata jibu hainyamazi. Baada ya sekunde chache huuliza tena, na programu iliyo ndani yake huuliza tena, na mwenye simu naye hubonyeza tena. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, ila hawakuwahi kuiona simu inayouliza swali lile lile mara ishirini kwa dakika. Watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliochunguza jambo hili na kuchapisha matokeo mnamo 2001, waligundua kwamba asilimia 23 ya maswali yaliyotoka kwenye mtandao wao hayakupata jibu la aina yoyote, na kwamba maswali hayo yasiyojibiwa ndiyo yaliyozaa zaidi ya nusu ya pakiti zote za DNS walizozihesabu.

Ulimwengu mzima ulishuhudia jambo hilo mnamo Oktoba 4, 2021. Kampuni ya Facebook ilipofanya kosa katika mitambo yake ya njia, seva zake za majina zilitoweka mtandaoni kwa muda wa takriban saa sita, na Facebook, WhatsApp na Instagram zikatoweka pamoja nazo. Kampuni ya Cloudflare, ambayo seva zake pekuzi hutumiwa na umma, iliripoti kwamba maswali kuhusu majina hayo yaliongezeka mara 30. Watumiaji hawakuwa wameongezeka. Walichokosa ni jibu. Mnamo 2023 kanuni mpya ya kimataifa ilitolewa ikizitaka seva pekuzi zikumbuke hata kushindwa: zikikosa jibu, zisirudie kuuliza papo hapo, bali zingoje kidogo.

UMBALI WA SAFARI

Maadamu gharama kubwa ni kusubiri, tiba ya kwanza ni kuifupisha safari. Hapa historia ya Kenya ina mafunzo, na sehemu yake inagusa Asumbi moja kwa moja.

Jina la .ke lilisajiliwa mnamo 1993. Aliyeandikishwa kuwa msimamizi wake alikuwa Dkt Shem Ochuodho, msomi wa tarakilishi ambaye baadaye, kati ya 1997 na 2002, aliiwakilisha Rangwe bungeni, eneo ambalo Asumbi imo. Upande wa ufundi ulikuwa mikononi mwa Randy Bush, mhandisi Mmarekani aliyezisaidia nchi nyingi za Afrika kuanza. Usimamizi ulihamia kwa shirika la KENIC baada ya ICANN, chombo kinachoratibu majina ya mtandao duniani, kuidhinisha mabadiliko hayo mnamo 2002. Siku hizo mvutano kuhusu nani astahili kulimiliki jina la nchi uliandikwa sana. Suala la mahali zilipo seva zenyewe, ambalo kwa mtumiaji wa kawaida lina uzito mkubwa zaidi, halikuzungumzwa sana.

Wakati huo ujumbe wa barua-pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi hadi nyingine iliyo mtaa wa pili ungeweza kupaa hadi kwenye setilaiti, ukatua Marekani au Ulaya, kisha ukarudi. Watoaji wa huduma za intaneti, chini ya chama chao cha TESPOK, walianzisha kituo cha kubadilishana data, KIXP, mwishoni mwa 2000. Kampuni ya Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya nje, ililalamika, na tume ya mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Kilifunguliwa tena mnamo Februari 2002. Uchunguzi uliochapishwa mnamo 2012 kwa niaba ya Jumuiya ya Intaneti ulionyesha kwamba data iliyokuwa ikichukua kati ya milisekunde 200 na 600 sasa ilichukua kati ya 2 na 10.

Manufaa kama hayo yalikuja pia kwa seva za mzizi. Kuna majina 13 ya seva hizo duniani, yanayosimamiwa na mashirika 12, lakini nyuma ya majina hayo kuna mitambo zaidi ya 1,500. Mbinu inayotumika huitwa enikasti: mitambo mingi katika nchi mbalimbali hutangaza anwani moja, na njia za mtandao humpeleka muulizaji kwa ule ulio karibu naye. Mtambo mmoja ukizimika au ukivamiwa, wengine huchukua nafasi yake bila mteja kujua. Nairobi imekuwa na nakala za seva za mzizi kwa miaka mingi, na mnamo 2022 ICANN ilitangaza kuweka humo kundi zima la seva zake, la kwanza barani Afrika.

Hata hivyo, kuwa na mzizi karibu hakutoshi. Jina linaweza kuishia na .ke, tovuti yake ikawa katika jengo la Nairobi, lakini seva za majina zilizokodiwa na mwenye tovuti zikawa Texas au Frankfurt. Swali hapo huvuka bahari kwenda kuleta jibu kuhusu kitu kilicho mtaa wa jirani. Katika siku za kawaida hasara ni milisekunde mia chache. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na nchi jirani, jina lililotegemea ng'ambo peke yake lilikuwa katika hatari ambayo jina lenye seva ya ziada hapa nchini halikuwa nayo. Kanuni iliyotolewa mnamo 1997 inashauri kila jina liwe na seva zaidi ya moja, tena ziwe mahali tofauti na kwenye mitandao tofauti. Seva mbili zilizopangwa ndani ya kabati moja na kutegemea waya mmoja hutimiza hesabu tu, si kusudi la kanuni.

UMRI WA JIBU

Tiba ya pili imo mikononi mwa mwenye jina. Kila jibu la DNS hutoka na umri wake, unaohesabiwa kwa sekunde. Umri ukiisha, seva pekuzi hulitupa na kwenda kuuliza upya. Umri wa sekunde 60 una maana kwamba seva pekuzi moja huweza kumrudia mwenye jina mara 1,440 kwa siku. Umri wa saa moja huifanya irudi mara 24. La kuvutia ni kwamba hesabu hiyo haitegemei idadi ya wateja. Awe anayeuliza ni mzazi mmoja wa Asumbi au wazazi laki moja wa Nyanza nzima, maadamu wanatumia seva pekuzi moja, mwenye jina huulizwa idadi ile ile.

Kwa nini basi watu huweka umri mfupi? Kwa sababu wanataka uhuru wa kuhamisha tovuti haraka mtambo mmoja ukizidiwa. Hoja hiyo ina msingi, na utafiti wa MIT uliotajwa hapo juu ulionyesha kwamba hata umri wa dakika chache hauipunguzii kache nguvu yake sana, kwa kuwa majina machache mashuhuri ndiyo yanayoulizwa mara nyingi. Jambo lisilo na msingi ni kuweka sekunde 5 au 10 kwa mazoea, kisha kushangaa kwa nini seva ya majina inahema. Msimamizi anayejua kwamba siku ya msongamano inakuja anaweza kupunguza umri siku chache kabla, akafanya mabadiliko yake, akahakikisha yametulia, kisha akaurefusha kabla ya umati kufika. Wengi hufanya kinyume: hukumbuka umri wakati moto umeshawaka.

Kwa upande wa seva pekuzi kuna mbinu mbili zinazosaidia sana. Ya kwanza ni kulihuisha jibu kabla halijafa. Programu ya Unbound, iliyotengenezwa na wataalamu wa NLnet Labs wa Uholanzi, ikiamriwa hivyo, humjibu mteja kutoka kwenye kache na wakati huo huo hutuma swali jipya ikiwa jibu limebakiza asilimia 10 ya umri wake. Watengenezaji wake hukadiria kwamba kazi huongezeka kwa asilimia 10 hivi, lakini majina mashuhuri hayatoweki kamwe. Ya pili, iliyowekewa kanuni mnamo 2020, ni kutoa jibu lililopitwa na wakati pale ambapo mwenye jina hapatikani. Nambari ya jana yaelekea bado ni sahihi leo, na ni heri kuijaribu kuliko kumwambia mteja hakuna kitu.

MASWALI YASIYO NA MAANA

Sehemu kubwa ya mzigo wa seva za majina ni takataka. Uchunguzi wa maswali yaliyofika kwenye mojawapo ya seva za mzizi kwa siku moja ya Oktoba 2002 ulionyesha kwamba asilimia 98 hayakupaswa kufika hapo: yalikuwa marudio, majina yasiyokuwapo, au makosa ya mipangilio. Miaka mingi baadaye hali haikuwa imebadilika sana. Mnamo 2020 ilibainika kwamba karibu nusu ya maswali kwa seva za mzizi yalisababishwa na kivinjari cha Chrome na ndugu zake, ambavyo kila vikiwashwa vilibuni majina matatu ya ovyo na kuyauliza ili kupima iwapo mtandao unadanganya kuhusu majina yasiyokuwapo. Tabia hiyo ilirekebishwa mwishoni mwa mwaka huo na mzigo ukashuka sana.

Kwa hiyo seva pekuzi nzuri hukumbuka pia majibu ya hapana. Kanuni ya kufanya hivyo ilitolewa mnamo 1998, na nyongeza ya 2017 huiwezesha seva, pale ambapo majina yametiwa saini za usalama, kujifunza kutokana na hapana moja kwamba majina mengine mengi yanayokaribiana nalo hayapo pia.

KATIKA CHUMBA CHA MITAMBO

Yanayobaki ni ya fundi. Shule au chuo chenye maabara ya tarakilishi 40 na njia moja ya intaneti hakihitaji mtambo wa bei ghali. Tarakilishi ndogo yenye Unbound au BIND hutosha, na manufaa yake huonekana kwa sababu ukurasa mmoja wa siku hizi huweza kuulizia majina kadhaa kabla haujafunguka. Kache ipewe kumbukumbu ya kutosha, na programu igawiwe kulingana na idadi ya viini vya mtambo. Kuandika kila swali kwenye faili la kumbukumbu kusitishwe kama hakuna uchunguzi unaoendelea, kwani uandishi huo huipunguzia seva kasi waziwazi.

Kipo kikwazo kimoja ambacho mafundi wengi hukitafuta kwa siku nyingi pasipo kukipata: ukuta wa ulinzi ulio mbele ya seva. Kuta za namna hiyo huandika daftarini kila mazungumzo yanayopita. Katika mfumo wa Linux, swali fupi la DNS hukaa daftarini sekunde 30 hivi hata kama limejibiwa kwa sekunde moja. Maswali 10,000 kwa sekunde hujaza mistari 300,000, ilhali mitambo mingi ilipangiwa daftari la mistari 65,536 tu. Daftari likijaa, pakiti hutupwa kimyakimya. Ukiitazama seva yenyewe, utaiona imetulia wala haina jasho. Dawa ni kuuagiza ukuta usiyaandike maswali ya DNS, au kulipanua daftari.

Fauka ya hayo, seva pekuzi isimjibu mtu wa nje. Iliyoachwa wazi kwa dunia nzima hugeuzwa silaha: mhalifu hutuma swali dogo kwa kutumia anwani ya mtu mwingine, na jibu kubwa likamwangukia huyo asiye na habari. Mwenye seva hupoteza njia yake ya intaneti kwa vita visivyomhusu.

Kabla ya kurekebisha lolote, ni sharti kupima. Programu ya dnsperf huiga wateja wengi kwa wakati mmoja, lakini vipimo vyake vina maana tu iwapo imelishwa maswali halisi yaliyokusanywa kwenye mtandao husika. Orodha ya majina kumi yanayorudiwa itapima kache peke yake na kumpa fundi faraja ya uongo. Takwimu za kutazamwa kwanza ni asilimia ya maswali yanayojibiwa kutoka kwenye kache na idadi ya yaliyo kwenye foleni.

Mtumiaji wa kawaida naye anacho kipimo chake. Amri ya nslookup, inayopatikana katika tarakilishi nyingi, ikifuatwa na jina la tovuti huonyesha iwapo nambari imepatikana. Nambari ikija upesi na ukurasa usifunguke, mzigo uko kwenye tovuti yenyewe au njia ya kuelekea huko. Nambari isipokuja, na kwa seva pekuzi nyingine ikaja, aliyelemewa ni mtoaji wa huduma. Na isipokuja kwa seva yoyote, wa kuulizwa ni mwenye jina.